Sumaku Niliyoifukiza Udi

Nakumbuka siku moja, tarehe nane ya Mfunguo Tano, mwaka mmoja kabla ya vita vya kwanza vya Wajerumani. Siku hiyo ilipotea sindano ya kushonea kofia, na ilipotea ndani ya godoro la mwanangu wa siku arubaini na mbili.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, nikikaa Lamu kwa mavyaa wangu, yaani mama wa mume wangu, Bi Rehema, Mungu amrehemu. Alikuwa mshonaji wa kofia. Mimi nilisoma chuo cha Kurani tu, mwanangu, kwa hiyo usitazamie maneno makubwa hapa.

Bi Rehema alikuwa na sumaku, chuma kilichopinda kama kwato, alichopewa na kaka yake aliyekuwa fundi wa meli. Aliiweka katika kijaluba, kikasha kidogo chenye kifuniko, pamoja na sindano zake kumi na mbili, zote zimeigandia. Sindano ikianguka mkekani, alipitisha sumaku juu yake, nayo ikairukia. Mara nyingine aliining'iniza sindano kwa uzi, ikazunguka, kisha ikatulia imeelekea kibla. Nikaamini moyoni kwamba chuma kile kina baraka, kinajua Makka iliko.

Basi siku ya arubaini ya mtoto nilifukiza nguo zote udi. Nikajiuliza, kitu chenye baraka kwa nini kisifukizwe? Nikazitoa sindano, nikaiweka sumaku ndani ya chetezo, juu ya makaa, nikapepea. Mtoto akalia, nikamwendea. Niliporudi, sumaku ilikuwa nyekundu. Nikaiacha ipoe, nikaifuta majivu, nikairudisha kijalubani. Niliona sindano hazigandi tena. Nikafunga kifuniko haraka, na sikumwambia mtu.

Siku mbili baadaye nilikuwa nikiziba godoro la mtoto kwa sindano moja ya Bi Rehema, mshono umefumuka na sufi inatoka. Mtoto akapaliwa. Nikamrukia, nikampigapiga mgongo mpaka akatulia. Nilipolirudia godoro, uzi ulikuwa umekatika na sindano haipo.

Bi Rehema akaleta kijaluba. Akapitisha sumaku juu ya godoro, chini yake, pembeni. Hakuna kitu. Akaigusisha kwenye sindano nyingine, nayo ikalala tu kama kijiti.

"Imekufa hii," akasema, akaniita karibu nimtazame machoni. "Ndoo hapa. Nitazame matoni. Umeifanyani?"

"Nimeifukiza udi, Bi."

"Udi!"

"Kwa sababu inajua kibla."

Alicheka mpaka akashika ubavu. "Wallahi, ungeivisha na kanzu basi, tuipeleke msikitini!" Kisha akalitazama godoro, na kicheko kikaisha. "Moto huiua nguvu yake, mwanangu. Na kibla haikijui. Inajua kaskazini. Kibla chetu sisi wa Lamu kiko kaskazini, ndipo ulipodanganyika. Kaka yangu aliitazama sindano kule Bombay, haikuelekea Makka hata kidogo. Ungelinambia juzi, nisingelikuachia sindano karibu na mtoto."

Nililia. Aliniacha nilie, yeye akafikiri. Halafu akasema, "Sindano zimelala na sumaku miaka mingi. Huenda zimeambukizwa."

Akazining'iniza moja moja, zote kumi na moja. Nane zilitafuta kaskazini, baadhi kwa ncha, baadhi kwa tundu. Akazipanga zile zilizoelekeza ncha kaskazini upande mmoja, na zile za tundu akazigeuza, ili miisho yote iliyotafuta kaskazini ikae pamoja. Zikasukumana vidoleni mwake, hazitaki kukaa. "Zinazofanana hukataana," akasema, akazikaza kwa uzi. "Nikizichanganya, nguvu ya hii itaifuta ya ile."

Tukafumua godoro lote. Nikaweka sufi juu ya sinia la shaba, kwa kuwa shaba haivutwi, na yeye akapitisha kile kifungu cha sindano polepole, konzi moja ya sufi baada ya nyingine. Ilikuwa konzi ya ishirini na kitu. Nikaona sufi inatikisika, kisha sindano ikachomoza, ikagandia kifungu kwa ncha. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. Naisikia hata leo.

Mwanangu unayesoma shule, juzi mjukuu wangu alizungusha waya kwenye msumari, akaunganisha na betri, na msumari ukaokota pini. Alipoukata umeme, pini zikaanguka. Nilistaajabu, na nilitamani Bi Rehema awepo auone, maana angeuliza maswali mengi kuliko mwalimu. Hakujua kuandika jina lake, lakini alikitazama kitu mpaka akajua kinavyokwenda.

Nasaha yangu ni hii. Kitu ukikipenda, kiulizie kwanza kinavyofanya kazi, usikipambe kwa yale unayoyadhani. Na ukikiharibu, sema siku hiyo hiyo. Mimi nilikaa kimya siku mbili, na kimya changu kilikuwa kimelala godoroni na mtoto wangu. Mungu akupe macho ya kutazama na ulimi wa kukiri, na akujaalie mtu wa kukucheka bila kukudharau.

Jioni ile Bi Rehema alizihesabu sindano, zikatimia kumi na mbili. Akaitunga uzi ile iliyopotea, akanipa.

"Malizia mshono wako," akasema.

Nikaumalizia, yeye amempakata mtoto.