Mlango unaomkatalia mwenyewe

Juzi nilikuwa Bulengera, mbele ya depo ya mama mmoja anayeuza mabati kwa jumla. Mteja wake alikuwa ametoka Kasugho, kamioni yake imejaa magunia ya kakao. Mama akabandika kidole kwenye mashine mpya ya mlangoni. Taa ikawaka nyekundu.

"Inaomba bidole ya batu babili," mama akamwambia. "Yangu na ya mwenzangu wa biashara. Yeye iko ku kilio, atakuya."

"Lakini mama, depo si iko yako? Nitanunua kwingine."

Fundi aliyefunga mashine hiyo alikuwa bado anakusanya nyaya zake. "Naweza kuigeuza ikufungulie weye moya," akasema. "Haina kazi mingi."

Mama akaifunika mashine kwa kiganja, kama mtu anayekinga mshumaa.

"Hapana. Zamani tulikuwaka na kufuli mbili, kila mutu na funguo yake. Hatuyagombana hata siku moya."

Akavuta kiti, akaketi kusubiri. Mteja akaenda hadi kwenye kamioni, akayatazama magunia yake, akarudi. Nilidhani anakuja kuaga.

"Mama, mwenzako akifika, munipokelee na kakao yangu. Ilale humu mupaka niuze."

Nimeona wakubwa wengi wanaotaka kila mlango uwafungukie wao. Huyu amenunua wa kumkatalia, tena akauwekea kiti.