Maboksi Matupu Niliyapanga Mimi

Nilikosa. Naanza hapo kabla sijaanza kujiremba, maana kwa maneno mimi sijambo, na mnaweza kunihurumia kabla hamjajua nilichofanya. Nisikilizeni kwanza, kisha mnitukane.

Nilikuwa karani wa kaunta katika duka la kampuni moja hapa Voi. Jina lake silitaji. Lilishakufa, na maiti hasemwi vibaya, ingawa huyu anastahili. Kampuni ilikuwa na maduka Voi, Wundanyi na Taveta, na ofisi kuu Mombasa, alikokaa mwenye mali ambaye sote tulimwita Mkubwa. Enzi hizo ukiajiriwa pale, mama yako alitembea sokoni kifua mbele. Tulivaa koti la buluu lenye mfuko, na kalamu mfukoni hata kama haiandiki.

Aliyenipatia kazi hiyo ni Mghoi, mwanamke wa Sagalla, kule mlimani, aliyeshika stoo. Alikuwa mjane mwenye watoto wanne, amenizidi miaka kama kumi, nami nikimwita Dada. Ndiye aliyenifundisha kufunga sukari kwenye karatasi isimwagike, na kumtofautisha mteja anayetaka kununua na yule aliyeingia kutafuta kivuli. Mwezi wa kwanza sikuwa na pa kulala, akanichukua kwake. Watoto wake walisogezana kitandani nikapata nafasi. Maji kule ni ya kutafuta kwa jasho, lakini ya mimi kuoga hayakukosekana hata siku moja.

Sasa tukaletewa Meneja mpya, shemeji yake Mkubwa. Ole wetu!

Bwana huyo hakujua duka. Wiki ya pili tu aliagiza mabuti ya mpira. Voi, jamani! Mji ambao mvua huja mara chache kama mgeni wa heshima, tena haikai. Makatoni yalipangwa hadi kwenye dari, na mabuti yote yalikuwa saizi kumi na moja. Labda aliambiwa tembo wa Tsavo wanatafuta viatu. Sukari ilipoisha alisema, "Waambie kesho." Unga ulipoisha, kesho. Wateja wakambandika jina la Bwana Kesho, na watoto wa shule wakawa wanachungulia mlangoni kuuliza kama kesho imefika.

Mpaka wa Tanzania pale Taveta ulipofungwa, duka letu la kule likakosa wanunuzi wa ng'ambo na kampuni nzima ikaanza kuyumba. Badala ya kupunguza mabuti, wakapunguza watu. Barua za kufutwa kazi zilikuja na treni kutoka Mombasa kila mwisho wa mwezi, tukawa tunaogopa honi ya treni. Meneja ndiye aliyekuwa akipeleka majina. Alianza na dereva, kisha akashangaa kwa nini lori haliendi Wundanyi. Akamfuta fundi, mtu pekee aliyejua kufungua ule mlango wa nyuma uliokwama, tukawa tunapitisha magunia dirishani. Kati ya watu kumi na mmoja tukabaki wanne: yeye mwenyewe, Mghoi, mimi, na mfagiaji mmoja aliyepona kwa sababu barua yake ilipelekwa Taveta kimakosa.

Nilimchukia mtu yule hadi ugali ukawa haushuki.

Siku moja ikaja habari kwamba Mkubwa mwenyewe anakuja kukagua. Rafu zilikuwa tupu, na stoo ilikuwa na mabuti, maboksi matupu na vitu vichache tu.

"Pangeni maboksi," akatuambia mimi na Mghoi, mfagiaji akiwa nje. "Yale matupu nyuma, yenye vitu mbele. Mkubwa hana muda wa kushikashika."

"Meneja, huo ni uongo," Mghoi akasema.

"Mama, wewe unataka kazi ama unataka kwenda mbinguni?"

"Nataka vyote viwili."

Nilicheka karibu nianguke. Lakini amri ni amri. Mghoi alifungua stoo akanitolea maboksi, akarudi kufagia huko ndani, nami nikaachiwa kazi ya kupanga.

Hapo shetani akanigusa bega. Hapana, leo nimeamua kusema kweli: shetani hakuwepo, nilijigusa mwenyewe. Katikati ya duka nilipanga mnara wa makatoni ya mafuta ya kupikia, na nikaweka matupu nyuma na mbele pia. Ya chini sikuyafunga sawasawa. Nikajiambia, Mkubwa akiegemea tu, yote yataporomoka na Bwana Kesho atarudi Mombasa leo leo. Sikumwambia Mghoi, maana angenizuia.

Mkubwa alifika saa nne, mnene, suti nzito, anahema. Akina mama wa sokoni walikuwa wameingia kuangalia kama sukari imefufuka. Akaukaribia mnara wangu, akauwekea mkono ili apumzike.

Weee! Maboksi matupu hayana hata adabu ya kutoa kishindo. Yalianguka pwa! pwa! pwa! na moja likamkaa Mkubwa kichwani kama kofia. Duka zima lilicheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilianza kucheka kabla ya wote.

Mkubwa akalivua lile boksi polepole. "Vitu viko wapi?"

Meneja hakupepesa jicho. "Funguo za stoo anazo huyu mama. Hata mimi nashangaa."

"Meneja!" Mghoi akasema. "Si wewe ulisema tupange maboksi?"

"Mimi? Nani alisikia?"

Mghoi akageuka akaniangalia. Hakuonekana kuomba wala kuogopa. Alitulia tu, kwa sababu alijua nitasema. Mkubwa naye akanigeukia.

"Wewe binti, ulimsikia?"

Ndugu zangu, hiyo ndiyo nafasi niliyokuwa nimeitega kwa mikono yangu! Nilihitaji kusema ndiyo, basi. Lakini nikamwona Meneja ananitazama, nikakumbuka kwamba huyu ni shemeji na shemeji hafutwi. Nikaiona barua yangu ikishuka kwenye treni. Nikamwona mama yangu sokoni, kifua kimerudi ndani.

"Mimi nilikuwa kaunta," nikasema. "Sikusikia."

Mghoi aliamriwa avue koti la buluu pale pale mbele ya wateja. Polisi hawakuitwa, lakini Mkubwa alitamka neno mwizi kwa sauti, na wale akina mama wote walikuwa na masikio. Mghoi alikunja lile koti vizuri, akaliweka kwenye kaunta mbele yangu, akatoka.

Neno lilifika Sagalla kabla yake. Kanisani alikuwa kiongozi wa ushirika wa akina mama. Wazee wa kanisa wakamtoa, wakamnyima mkate na divai ya Meza ya Bwana, wakamkalisha benchi ya nyuma mpaka atubu. Atubu nini? Binti yake mkubwa akaacha shule kwa kukosa karo. Mimi nilikuwa nasikia hayo yote kwa wateja huku nafunga chumvi. Niliona haya, na bado nikanyamaza.

Na zile funguo za stoo akapewa nani? Mimi! Nilizivaa kiunoni miezi mitatu. Kisha treni ikapiga honi, barua yangu ikashuka, na duka likafungwa kabisa. Asante niliyopewa na kampuni ni jozi moja ya mabuti ya mpira, saizi kumi na moja.

Ilinichukua miaka miwili kupanda Sagalla. Nilimkuta Mghoi uani anapukuchua mbaazi. Alinikaribisha kigoda kama vile nilitoka hapo jana.

"Dada, yale maboksi ya mbele niliyaweka matupu mimi."

"Najua. Ni wewe uliyepanga."

"Mbona hukusema?"

"Nani angeniamini? Nilikungoja wewe."

Nikalia sana. Nikamwomba msamaha, naye hakuacha kupukuchua.

"Mimi nimekusamehe zamani, mdogo wangu. Lakini mimi naujua ukweli. Wasiojua wako kanisani, benchi za mbele. Kawaambie hao."

Nilimwahidi. Jumapili iliyofuata nilikwenda, nikakaa katikati. Mchungaji akauliza kama kuna mgeni mwenye neno. Nikasimama. Watu wote wakageuka. Nikasema natoka Voi, nawasalimu kwa jina la Bwana, nikaketi.

Wakanipigia makofi ya kukaribisha mgeni. Mghoi pia alipiga, kule nyuma.

Sijarudi tena. Naandika haya kwa sababu karatasi haikutazami usoni. Wewe unayefanya kazi chini ya bwana asiyejua kutofautisha sukari na chumvi, mchukie meneja wako upendavyo, hata mpe jina la kuchekesha. Lakini ukimtegea mtego, angalia kwanza nani amesimama karibu naye. Na siku ukiulizwa kama ulisikia, jibu pale pale, hata mdomo ukikauka. Usijiambie utasema baadaye. Mimi nilisema baadaye, na hii ndiyo baadaye yenyewe.

Mhariri, jina langu lifiche, bado naogopa. Lakini la kwake nakuomba usilipunguze hata herufi moja: Mghoi wa Sagalla, aliyeshika stoo, hakuiba kitu.