Kucha za Hina

Daktari wa viungo hagusi faili kabla ya kusalimiana. Nesi Itto, aliyefanya naye kazi mjini Meknès miaka kumi na moja, anamjua: huushika mkono wa mgonjwa kwa mikono yake miwili, akauliza habari za watoto na za wakwe, huku dole gumba lake likipita taratibu juu ya kila kifundo, kama mtu anayechambua dengu. Siku ile zamu ilikuwa ya Mama Rqia, ambaye mwaka mzima sindano za baridi yabisi hazikumfaa kitu. Alikuwa amejipaka hina mpaka kwenye kucha, maana kwa daktari haendi mtu ovyo ovyo. Dole gumba likafika kwenye kucha, likaganda. “Mama, hina yako imewaficha wenzangu vishimo hivi. Hii si baridi yabisi, ni ugonjwa mwingine wa viungo, unaotoboa kucha.” “Mbona wote waliiona wakaisifu!” “Ndiyo hivyo. Mwilini kuna protini zinazopiga mbiu ya uvimbe, sisi huziita kwa namba, na kila ugonjwa una mpiga mbiu wake. Sindano zako zimemziba mdomo namba sita, kumbe anayekupigia kelele ni namba kumi na saba.” “Basi mzibe huyo, mwanangu! Vidole hivi haviviringishi tena unga wa ngano, kila Ijumaa nyumba yangu inakula kuskusi ya dukani, wakwe wananicheka!”

Baada ya miezi minne ya sindano mpya alirudi na sinia la kuskusi aliyoiviringisha kwa viganja vyake mwenyewe. Akaushika mkono wa daktari, akaubana. Daktari akapiga yowe, na Itto akaufungua mlango makusudi, foleni nzima isikie.