Mlolongo wa Mama Chenesai

Kwenye mchujo wa ubunge huku kwetu Buhera, wapiga kura hujipanga nyuma ya mgombea wao, naye haruhusiwi kugeuka. Mama Chenesai, aliyetuoshea maiti wetu miaka thelathini, hakupata hata mtu mmoja. Sote, nami nikiwemo, tulijipanga kwa mpinzani wake Zvandasara, miguuni tumevaa raba mpya alizotugawia.

Lakini Mama Chenesai alikuwa akitabasamu. “Msisukumane jamani,” alisema bila kugeuka. “Nafasi ipo.”

“Kashachanganyikiwa huyo!” nikapayuka, watu wakacheka.

Msimamizi akamwambia, “Geuka mama. Huna mtu.”

Akageuka. Nyuma yake vumbi lilijaa nyayo za miguu mitupu, mstari mrefu kutoka makaburini. Wa kwanza mstarini hakuwa na kidole gumba cha mguu wa kushoto.

Mama yangu alizikwa hivyo.