Jina Langu Mbele ya Bundi

Nilipokuwa mtoto pale Muheza, magharibi ikiingia sisi watoto tulipoteza majina. Bibi alikataza tusiitwe, maana bundi, babewatoto, akilisikia jina la mtoto hulibeba, na mtoto huyo haponi. Basi tuliitwa "we hapo", "we mwenye vipele", tukacheka, tukaingia ndani.

Mwaka ule watafiti wa masikio ya ndege na popo walipanga chumba uani kwetu. Kwa popo walikuwa na kifaa kinachoshusha kelele zao mpaka sikio la mtu linazipata, tik-tik-tik, kama mafuta ya moto yakidondokewa maji. Bundi alikaa kwenye tundu pana, spika ndogo kulia, nyingine kushoto. "Hatuwezi kumuuliza kama amesikia," aliniambia Dada Rehema, mtafiti wao, "kwa hiyo tunamtazama kichwa." Akabonyeza, spika ikakwaruza kama panya kwenye majani makavu, kichwa kikageuka. Nilimpenda yule bundi, nisiseme uongo.

Kisha mdogo wangu akashikwa na degedege, Mama akakimbia naye hospitali, na Bibi akasema lazima kuna mtu kamwita jina lake jioni. Siku hiyo hiyo Dada Rehema akataka sauti ya mtu, aone kama bundi ataigeukia, na Bibi, ambaye hata kupita karibu na lile tundu hakutaka, akasema, "Mimi nitaita."

Nilikuwa mlangoni na ungo wa mchele. Bibi akasimama nyuma ya pazia, akaita jina langu. Langu, na la baba yangu juu yake.

Kichwa kikageuka.

"Kasikia!" Dada Rehema akapiga makofi.

"Kalichukua," Bibi akasema taratibu.

"Bibi, mbona mimi?"

"Wewe umeshakomaa, mjukuu wangu. Mwenzio bado laini."

Dada Rehema akacheka. "Bibi yangu, hata ungeita sufuria angegeuka!"

Mdogo wangu akapona, mimi sikuugua hata mafua. Nimefika kidato cha nne, najua degedege huletwa na homa kali, si na ndege, na bundi simlaumu, yeye alisikia tu akageuka. Mwenye nia alikuwa yule aliyenilea, aliyenifichia ukoko wa wali kila siku, na tangu siku ile ukoko wake haukunipita kooni vizuri.

Sasa niko Makorora, mwanangu hajatimiza arobaini, jina lake tunalijua mimi na baba yake tu. Jana mchana Bibi kapiga simu, nikaiweka kwenye spika kwa kuwa nilikuwa nanyonyesha.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mtoto wa mjomba wako homa haishuki. Huyo wako mmemwita nani?"

Nikasema hatujaamua, nikasema mtandao unasumbua, nikakata. Kisha nikamtazama mwanangu. Alikuwa ameliachia ziwa, kichwa amekigeuzia simu.