Kijani au Bluu

Mwenyekiti wa umoja wetu wa kujitolea kusafisha mtaa ni fundi cherehani, na tangu tumchague hajawahi kushika koleo. Mtaro ulipoziba, maji machafu yakaingia chumbani kwa mama muuza mkaa, mwenye mtoto mchanga. Tukaitwa kikaoni. Mwenyekiti akataka kwanza tuchague rangi ya fulana.

"Mwenyekiti, mwanangu analala juu ya meza!"

"Vumilia, dada yangu. Tukizibua bila sare, nani atajua ni sisi?"

Watu wazima na ndevu zao wakabishana, kijani au bluu. Mama akabeba koleo la umoja, bado lina karatasi ya dukani, akatoka. Wachache tukamfuata.

"Jamani, kikao hakijafungwa!"

Maji yalipoanza kutembea mtaroni, bwana mkubwa alikuwa bado anahesabu mikono ya kijani.