Mkoba wa Miiba ya Nungunungu

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa mlinzi katika jumba moja la makumbusho hapa Brussels. Siku moja msimamizi aliniita ghalani. Alikuwa na mgeni anayezungumza Kiingereza, nami nilikuwa na Kiingereza kidogo nilichookota katika kambi ya wakimbizi Kigoma. Nilitakiwa kukaa na mgeni huyo na kuhakikisha hagusi kitu.

Alikuwa mama wa makamo, Mhidatsa, mmoja wa wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini, mchoraji ambaye watu wake walimkabidhi historia yao aitunze. Alikuja kuona mkoba wa ngozi uliopambwa kwa miiba ya nungunungu iliyotiwa rangi. Kikaratasi cha maelezo cha mkoba huo kilisema tu, "Mkoba. Wahindi Wekundu."

Aliutazama, mikono ameifunga mgongoni. Kisha akatoa penseli. Alichora siku tatu, mwiba kwa mwiba.

"Si ungepiga picha tu?" nilimwuliza.

"Picha haifundishi mkono. Waliojua kazi hii kwetu wamekwisha. Kijiji alichozaliwa mama yangu kiko chini ya maji ya bwawa. Nimebakiwa na wazee wawili wa kuwauliza, na mmoja hanitambui tena."

Siku ya mwisho aliomba jina la watu wake liandikwe kwenye kikaratasi. Msimamizi akampa fomu, akaijaza akiwa amesimama. Nilifanya kazi pale miaka saba zaidi. Hakuna kilichobadilishwa.

Mlangoni aliniuliza, "Na kwenu, nani anatunza historia?"

Jumapili nikaenda mtaa wa Etterbeek kwa shangazi, dada wa baba, mtu pekee aliyebaki katika ukoo wetu wa Bujumbura. Nilimwomba anisimulie nyumba yetu ya mtaa wa Buyenzi: nani alilala chumba kipi, bibi, mama yake, alikuwa mtu wa namna gani. Kwangu alikuwa Bibi tu. Nilikimbizwa nikiwa mdogo.

Shangazi akageukia dirisha. "Bon, haya mwanangu. Mimi nilijilazimisha kusahau ndipo nikaweza kuishi. Kunywa chai yako."

Sikuuliza tena. Niliona ni heshima.

Alifariki miaka michache baadaye. Makaburini imamu alitaka kumsomea talakini, maneno ya kumkumbusha maiti imani yake ambamo huitwa kwa jina la mama yake, akauliza jina la mama wa marehemu. Watu wakanitazama mimi. Nikatikisa kichwa.

"Basi tutamwita binti Hawa," akasema imamu kwa upole, kama wanavyoitwa wote ambao mama zao hawajulikani.